Ghala la Nchi Wakati wa Vita Kuu, 1914–1918

Jubilei ni wakati wa kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na watu waliotutangulia katika kazi. Hesabu hiyo ni njema, lakini haitakuwa ya haki tukiiruka miaka ile tangu 1914 hata 1918, ambayo wazee wetu waliiona kwa macho yao nchi hii ilipokuwa chini ya Wadachi. Habari za mapigano yenyewe zimekwisha kuandikwa mara nyingi: Tanga, Rufiji, Mahiwa, na jemadari Paul von Lettow-Vorbeck aliyeshika silaha hata siku ya mwisho. Mimi nataka kuandika habari nyingine, yaani jinsi serikali ya vita ilivyowatawala watu wasio askari: mkulima na jembe lake, mama na kinu chake, mwalimu na watoto wake wa shule. Maana vita haviendi kwa risasi tu. Huenda kwa unga, na unga hutoka ghalani mwa mtu.

Nchi iliyofungiwa mlango

Mwezi wa Agosti 1914 mji wa Dar es Salaam ulikuwa ukijiandaa kwa sikukuu. Reli ya Kati ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwanzoni mwa mwaka ule, na serikali ilikusudia kufanya maonyesho makubwa ya kuifurahia kazi hiyo. Vyakula na bidhaa nyingi vilikuwa vimeletwa kwa ajili ya wageni. Badala ya wageni ikaja manowari. Tarehe 8 Agosti manowari ya Waingereza iitwayo Astraea ilipiga mizinga penye mnara wa simu ya upepo, na watu wakafahamu kwamba vita vya Ulaya vimefika kwao.

Gavana Heinrich Schnee alitamani kuiweka nchi kando ya vita, akitegemea mapatano ya Berlin ya mwaka 1885, yaliyoacha nafasi kwa nchi za bonde la Kongo na jirani zake kutopigana. Jemadari Lettow aliona vingine. Kwake kazi ya nchi hii ilikuwa kuwavuta askari wengi wa adui waje huku, wasipate kwenda kupigana Ulaya. Shauri la jemadari likalishinda shauri la gavana. Watu wa nchi, ambao walikuwa zaidi ya milioni 7, hawakuulizwa neno.

Mwanzoni mwa 1915 manowari za Waingereza zilifunga pwani yote. Tangu hapo meli mbili tu za msaada zilipenya: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza karibu na Tanga mwezi wa Aprili 1915, na Marie, iliyofika Sudi upande wa kusini mwezi wa Machi 1916. Basi nchi ikawa kama nyumba iliyofungiwa mlango kwa nje. Cho chote cha kula, cha kuvaa au cha kuwasha taa, sharti kitoke ndani.

Kazi za mikono

Ni haki kusema kwamba, katika shida hiyo, akili nyingi zilionekana. Huko Amani, katika milima ya Usambara, palikuwa na chuo cha ukulima kilichowekwa na serikali mwaka 1902. Kabla ya vita wataalamu wake walishughulika na mbegu na miti. Baada ya pwani kufungwa wakageuka kuwa watengenezaji. Wakatoa sabuni, mishumaa, mafuta, viungo na dawa. Juu ya yote wakatoa dawa ya homa kwa gome la mkwinini uliopandwa milimani, kwa kuwa bila dawa hiyo hata Wazungu wenye silaha wangaliishia vitandani. Siku za baadaye, jeshi lilipokuwa porini, gome lilichemshwa tu na maji yake machungu yakanywewa. Wadachi wakayaita kwa mzaha pombe ya Lettow.

Vitu vingine vilifanyizwa po pote palipokuwa na mikono. Nguo za amerikani zilipokwisha madukani, watu walirudia kusokota pamba na kuifuma, na nguo za askari zikatiwa rangi ya mizizi na magome. Viatu vilishonwa kwa ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini. Matairi yalifanywa kwa mpira wa mashamba ya nchi hii, na mafuta ya kuendeshea magari yalitolewa katika mbata. Chumvi ilitoka katika chemchemi za Uvinza, karibu na reli. Tena kati ya Mombo na Handeni ilitandikwa reli ndogo ya vigari, kwa vyuma vilivyong'olewa mashambani, ili kupunguza urefu wa njia kati ya reli ya Usambara na reli ya Kati.

Hayo yote huwafurahisha wasomaji wa habari za vita. Lakini tukumbuke kwamba gome halijichubui, wala pamba haijisokoti, wala vyuma vya reli havijibebi. Nyuma ya kila kitu kilichosifiwa alikuwako mtu aliyetolewa shambani kwake kwa amri ya boma.

Hela za Tabora

Serikali ya vita hupenda kwanza kununua, kabla ya kunyang'anya. Na kwa kununua yahitaji fedha. Nazo rupia za fedha zilianza kutoweka, maana watu huficha kitu cha thamani wasipoijua kesho. Kwa hiyo tangu 1915 serikali ilipiga chapa noti za muda hapa hapa nchini, kwanza Dar es Salaam, na baadaye Tabora. Hata mwisho, mwaka 1917, zilipigwa noti nyingine porini, kwa mihuri midogo ya mpira, juu ya karatasi yo yote iliyopatikana.

Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zilipigwa pia sarafu za shaba za hela 5 na hela 20. Shaba nyingine ilitoka katika maganda ya risasi za mizinga. Pamoja nazo ilipigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya Sekenke. Hizo za dhahabu zilikuwa zaidi ya 16,000, na leo watu wenye mali wa nchi za mbali huzinunua kwa bei kubwa sana.

Mkulima hakuiona sarafu ya tembo. Yeye alitoa mtama wake, akapokea karatasi. Aliyekataa karatasi alionekana kuwa mkaidi mbele ya akida. Naye aliyeiweka vizuri katika sanduku lake, akitumaini kununua jembe baada ya vita, siku moja aliamka akaona kwamba serikali iliyoandika karatasi ile imekwisha kuondoka. Wadachi walikwenda zao, na neno la hela likabaki vinywani mwetu. Hata mtoto atajaye hela leo, pasipo kujua, ataja jina la sarafu ndogo ya Kidachi.

Kibaba cha jeshi

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho ndicho kiini cha habari hii. Jeshi la Wadachi katika siku za nguvu zake lilikuwa na askari Waafrika wapatao 11,000 na Wazungu wapatao 3,000. Nyuma yao walikuwako wapagazi wengi kupita hesabu hiyo, pamoja na wake na watoto wa askari. Mchele ulitoka pande za Mwanza, mtama na uwele na ng'ombe vikatoka bara ya kati, vyote vikashushwa kwa reli na kwa mabega mpaka kaskazini penye mapigano.

Namna ya kukusanya ilikuwa rahisi kuieleza. Bwana Shauri bomani aliambiwa kiasi kinachotakiwa katika wilaya yake. Yeye aligawanya kiasi hicho kwa maakida, maakida wakawagawia majumbe, na jumbe akasimama mbele ya nyumba za watu wake. Hesabu ilishuka kutoka juu mpaka chini, kila mmoja akijua idadi ya mizigo anayodaiwa. Lakini haikuwako hesabu iliyopanda kutoka chini kwenda juu, ya kumwambia Bwana Shauri: katika nyumba hii kimebaki kibaba kadha wa kadha, na mvua ya kwanza bado miezi minne.

Tena safari ilikula chakula kabla ya chakula kufika. Msomaji ahesabu mwenyewe. Tuseme mpagazi amechukua mzigo wa kilo 25 za unga, naye apewa kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, amekula kilo 24, na jeshini imefika kilo moja. Kwa hiyo sharti wapagazi wapokezane, na vituo vya chakula viwekwe njiani, na wanawake wa vijiji vilivyo karibu watwange usiku na mchana. Vijiji vya kando ya barabara kuu ndivyo vilivyoumia kwanza. Watu wakafahamu, wakahamia porini mbali na njia. Na mashamba yaliyolimwa kwa miaka mingi yakarudi kuwa msitu.

Walimu katika minyororo

Serikali ya vita haiogopi njaa peke yake. Yaogopa pia maneno. Wamisionari Waingereza wa UMCA na wa CMS walikamatwa na kufungwa, wengine Kiboriani juu ya Mpwapwa, kisha Tabora. Wao walikuwa raia wa taifa la adui, na jambo hilo lilitendeka katika nchi zote zenye vita. Lakini walimu wao Waafrika hawakuwa raia wa Uingereza. Walikuwa wana wa nchi hii, nao walikamatwa vile vile, wakashtakiwa kuwa wapelelezi. Walitiwa minyororo, wakatembezwa safari ndefu, wakafanyizwa kazi ngumu. Na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Waliobaki hai Tabora walifunguliwa mwezi wa Septemba 1916, Wabelgiji walipoutwaa mji ule.

Baadaye ikawa zamu ya wamisionari Wadachi. Waingereza waliposhika nchi waliwaondoa wengi vituoni, na mwaka 1920 karibu wote walirudishwa kwao. Magazeti nayo yalinyamaza: Kiongozi la Tanga, Pwani na Bara, na Rafiki Yangu. Katika miaka ile shule na makanisa mengi yalibaki mikononi mwa walimu Waafrika, wasio na mshahara, wala kitabu kipya, wala barua kutoka ng'ambo. Tukisoma leo ya kwamba kazi haikukatika, tuwakumbuke hao. Waliishika wakati ambapo serikali zote mbili, kila moja kwa zamu yake, iliwatazama kwa jicho la shaka.

Serikali ya pili

Mtu angaliweza kudhani ya kwamba kuondoka kwa Wadachi kulileta nafuu. Mwaka 1916 jemadari Smuts aliingia kwa majeshi mengi kutoka kaskazini. Mwezi wa Julai Dodoma ilitwaliwa, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam. Tangu mwanzo wa 1917 Horace Byatt aliongoza serikali ya muda, makao yake yakiwa Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto. Bendera ilibadilika, lakini amri ilikuwa ile ile: leteni chakula, leteni ng'ombe, leteni watu.

Magari ya Waingereza yalizama katika matope, na farasi na punda wao walikufa kwa mbung'o. Ikabaki mabega ya mtu. Katika nchi zote zilizowasaidia Waingereza kwenye vita hivi, wapagazi walioandikwa walipata kama milioni moja, na waliokufa walikaribia laki moja. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa na uchovu. Mtu aliyezoea wali alipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hakupata nafasi wala kuni za kuupika uive, tumbo likamharibika njiani. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao, na mahali pa kambi yao Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo. Leo ndipo soko kubwa la mji. Watu hununua vitunguu na vitambaa mahali ambapo wapagazi walipangwa mistari.

Huko kusini, jeshi la Lettow liliingia Rufiji mwisho wa 1916, likakaa katika nchi ile na kula mavuno yake. Mwanzoni mwa 1917 mvua kubwa zikafurika, na njaa ikawashika wenyeji na wageni pamoja. Mwezi wa Novemba 1917 jeshi lilivuka Ruvuma likaingia nchi ya Wareno, gavana Schnee akifuatana nalo. Mganga wa Kidachi aliyekuwa katika safari ile, Ludwig Deppe, baadaye aliungama katika kitabu chake kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, na njaa.

Mtunya

Sasa tuitazame Ugogo, maana hapo hesabu ya vita ilikuja kulipwa yote. Ugogo ni nchi ya mvua chache. Watu wake hulima uwele na mtama, nao wamejua tangu zamani ya kwamba miaka mingine mvua hukosa. Kwa hiyo walikuwa na ghala mbili. Ghala ya kwanza ni ya nafaka, ndani ya tembe. Ghala ya pili ni zizi: mwaka wa ukame, ng'ombe hupelekwa kwa jirani aliyevuna na kubadilishwa kwa chakula. Hiyo ndiyo serikali yao ya kujilinda na njaa, iliyofanya kazi kabla ya boma lo lote kujengwa.

Vita viliivunja ghala ya kwanza kwa kuchukua nafaka. Viliivunja ya pili kwa kuchukua ng'ombe, kwanza Wadachi, kisha Waingereza. Tena viliondoa kitu cha tatu ambacho ndicho hujaza ghala zote mbili: mikono ya vijana, walioandikwa upagazi kwa maelfu wakati wa kupalilia. Jirani nao walikuwa wametolewa vile vile, hata aliyebaki na ng'ombe hakujua ampeleke kwa nani. Ndipo mvua zikakosa, mwishoni mwa 1918 na mwanzoni mwa 1919, na homa kubwa ya mafua iliyoenea ulimwenguni pote ikawakuta watu wamekwisha kukonda.

Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, yaani kunyang'anyana. Inakadiriwa ya kwamba katika watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa watu 30,000, maana yake mmoja katika kila watano. Wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wenye chakula, wapate kuishi. Na reli ilikuwako, ikipita katikati ya nchi. Reli ile ile iliyochukua nafaka kwenda jeshini ilipita kando ya tembe zilizokuwa tupu.

Lettow alikuwa ameweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kwa majemadari, siku hiyo ndiyo mwisho wa vita. Kwa mama wa Ugogo, mwaka mbaya ulikuwa bado mbele.

Hesabu ya kilichobaki

Tufanye hukumu gani? Wengine husema, vita ni vita, na kila serikali hutenda hivyo. Lakini sivyo kabisa. Katika miaka ile ile, huko Udachi kwenyewe, serikali iliwapa watu kadi za mkate tangu mwanzo wa 1915. Haikutosha: baridi ya 1916 na 1917 watu wa mijini walikula mizizi iliyozoewa kuwa chakula cha mifugo, na wengi wakafa. Hata hivyo kadi ile ilikuwa na maana. Ilikuwa mkononi mwa mlaji, nayo ilisema: kiasi hiki ni haki yako. Katika Vita Kuu vya pili Waingereza nao waligawa vitabu vya chakula kwao, tangu Januari 1940, kila mtu na chake.

Mkulima wa Ugogo mwaka 1917 hakuwa na kadi. Yalikuwako madaftari, ndiyo. Lakini yaliandikwa mizigo iliyotolewa, wala si chakula kilichobaki. Hapo naiona tofauti yote. Kuna serikali ihesabuyo kile inachochukua, na kuna serikali ihesabuyo kile inachomwachia mtu. Ya kwanza yaweza kushinda mapigano mengi, hata kusifiwa kwa akili zake, sabuni zake na sarafu zake za tembo. Yusufu naye, kule Misri, alikusanya sehemu ya tano ya mavuno. Lakini aliikusanya ili njaa itakapofika ghala zifunguliwe, si ili zipelekwe zisikorudi.

Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita hivyo. Ni vizuri wakumbukwe. Lakini sanamu ile yashika bunduki. Haishiki jembe wala mchi. Basi sisi, katika jubilei yetu, tunapohesabu majina tunayoyajua, tuwape nafasi katika hesabu hiyo wale ambao majina yao hayakuandikwa po pote, waliolisha vita kwa unga wao, wakabaki na ghala tupu.